TEG, ROTEM, Quantra au PT ya kila siku: uchague kipimo gani kwa utafiti wa kuganda kwa damu

Kabla ya kuuliza bei ya mashine, amua utafiti wako unataka nini. Unataka kueleza hali ya kuganda kwa damu katika kundi fulani la wagonjwa? Unataka kutabiri nani atavuja damu na nani atapata donge kwenye mshipa? Au unataka kuongoza matibabu, yaani majibu ya kipimo ndiyo yaamue nani apewe plazma (majimaji ya damu), nani fibrinojeni (protini inayojenga nyuzi za donge) na nani chembe sahani? Uchaguzi mbaya wa mashine huanzia hapa. Kifaa kinachofaa sana kwa kazi ya kueleza kinaweza kukwamisha jaribio la kuongoza matibabu, na yapo maswali ambayo chupa ya glasi na saa ya ukutani vinayajibu vya kutosha.

Tunavyolinganisha hapa ni vipimo vya kawaida vya maabara (PT na aPTT, yaani muda plazma inaochukua kuanza kuganda; fibrinojeni ya Clauss, yaani kiasi cha fibrinojeni kwenye plazma; na idadi ya chembe sahani) kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili vipimo vya mnato na mnyumbuko wa donge: TEG, ROTEM, Quantra na ClotPro.

Vinatofautiana wapi hasa

PT na aPTT hufanywa kwenye plazma. Damu ya sitrati (kemikali inayofunga kalsiamu ili damu isigande chupani) inazungushwa dakika 15 hivi kwa nguvu ya 1,500 hadi 2,000 g, chembe zinazama, plazma inachotwa, kitendanishi (kemikali ya kuanzisha kuganda) kinaongezwa, na saa inasimama nyuzi za kwanza za fibrini zinapotokea. Donge hilo lina nguvu kiasi gani, chembe sahani zimechangia nini, na litadumu au litayeyuka baada ya nusu saa, havionekani. Ukijumlisha safari ya sampuli, foleni na kuzungusha damu, jibu hutoka baada ya dakika 30 hadi 60 hospitali ikiwa imejipanga, na zaidi ya hapo isipojipanga.

Vipimo vya mnato na mnyumbuko hutumia damu nzima, bila kuzungusha, kwa nyuzi joto 37. Wazo hilo lilianzishwa na Hellmut Hartert huko Heidelberg mwaka 1948, na mpaka leo TEG 5000 ingali inafanya kazi kwa kanuni ileile: kikombe chenye damu kinazungushwa nyuzi 4 na dakika 45 kwenda na kurudi, pini inaning'inia ndani yake kwa waya, na donge linapoanza kushika, linaiburuta pini. ROTEM imegeuza mambo: kikombe kimetulia, pini ndiyo inayozunguka, na donge linaizuia. Zote mbili huchora umbo lilelile. Muda wa kuanza kuganda huitwa R kwenye TEG na huhesabiwa kwa dakika. Kwenye ROTEM ni CT, kwa sekunde. Kasi ya kujengeka ni K na CFT, pamoja na pembe ya alfa. Nguvu ya juu kabisa ya donge ni MA na MCF, kwa milimita. Kuyeyuka ni LY30 na ML, kwa asilimia.

| Kifaa | Kinavyopima | Damu inayohitajika | Njia (vipimo) kwa wakati mmoja | Nani anachanganya vitendanishi |
|---|---|---|---|---|
| TEG 5000 | Kikombe kinazunguka, pini imening'inia | 340 µL na 20 µL za kalsiamu | 2 | Fundi maabara, kwa pipeti |
| TEG 6s | Mtetemo wa damu husomwa kwa mwanga | 0.4 mL hivi | 4 | Katriji |
| ROTEM delta | Pini inazunguka, kikombe kimetulia | 300 µL kwa kila kikombe | 4 | Fundi maabara, kwa pipeti ya umeme |
| ROTEM sigma | Kama delta, ndani ya katriji | Chupa ya sitrati, haifunguliwi | 4 | Katriji |
| Quantra | Mawimbi ya sauti hupima ugumu wa donge | Chupa ya sitrati, haifunguliwi | 4 | Katriji |
| ClotPro | Kikombe kinazunguka, pini imetulia | 0.35 mL hivi | 6 | Kitendanishi kikavu ndani ya ncha ya pipeti |

Jambo moja lisilosemwa vya kutosha: milimita za TEG na milimita za ROTEM hazibadilishani, na Quantra haitumii milimita kabisa, inatoa ugumu kwa hektopaskali. Hata ndani ya familia moja, TEG 5000 na TEG 6s, au delta na sigma, hazitoi namba zinazolingana moja kwa moja. Kwa hiyo usianze utafiti na mashine moja ukamalizia na nyingine. Ukilazimika kwa sababu ya vituo viwili vyenye mashine tofauti, panga wagonjwa kwa kituo wakati wa kuwagawa kwa bahati nasibu, kila mashine iwe na vizingiti vyake, na usichanganye namba ghafi katika uchambuzi.

Pipeti au katriji

Hili ndilo chaguo kubwa kuliko jina la kampuni. Mashine za pipeti ni nafuu kwa kila kipimo, zinakupa uhuru wa kubuni vitendanishi vyako (kwa mfano kuongeza kiasi kidogo cha kiyeyusha donge ili kuona damu inavyokinza), na zinafaa maabara yenye fundi mmoja au wawili wanaozishika kila siku. Lakini angalia kinachotakiwa kwenye ROTEM delta: kalsiamu 20 µL, kitendanishi 20 µL, damu 300 µL, kwa mpangilio huo, kisha unavuta na kuachia tena mara moja ili vichanganyike, na saa inaanza damu inapogusa kikombe. Fanya hivyo kwa njia nne, saa nane usiku, simu ya chumba cha upasuaji ikiita. Kalsiamu ikisahaulika, mstari unabaki bapa na mtu anaweza kudhani mgonjwa hagandi kabisa. Kitendanishi kikisahaulika, damu itaganda yenyewe polepole na CT itakuwa ndefu isivyo kawaida. Povu la hewa kwenye kikombe hudhoofisha donge lote. Mpango wa Uingereza wa kukagua ubora wa vipimo vya kuganda, NEQAS, uliposambaza sampuli zilezile kwa maabara mbalimbali, mtawanyiko wa majibu ulikuwa asilimia 7.1 hadi 39.9 kwa TEG na asilimia 7.0 hadi 83.6 kwa ROTEM, kutegemea kipengele kinachopimwa. Hizo zilikuwa mashine za pipeti, na ripoti ni ya mwaka 2010. Ukihesabu idadi ya wagonjwa kwa kutumia mtawanyiko mdogo ulioandikwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji, utafiti wako utakuwa mdogo kuliko swali lake.

TEG 5000 ina udhaifu wa ziada: waya wake unasikia kila mtikisiko. Isiwekwe meza moja na mashine ya kuzungushia damu, wala karibu na mlango unaobamizwa. Inapohamishwa, hata kwa sentimita chache, isawazishwe upya kwa pima-maji yake kabla ya kutumika.

Katriji, yaani vibebeo vyenye vitendanishi tayari ndani yake, zinaondoa sehemu kubwa ya makosa haya. Kwenye sigma na Quantra chupa inachomekwa ikiwa imefungwa. Kwenye TEG 6s unadondosha damu mpaka kwenye mstari. Muuguzi wa zamu anaweza kufundishwa kwa siku moja. Gharama yake ni mbili. Ya kwanza ni bei ya kila katriji. Ya pili ni kwamba huwezi kufanya njia moja tu: ukihitaji fibrinojeni peke yake, bado unaunguza katriji nzima.

Hesabu ya katriji ndiyo inayoangusha bajeti nyingi. Chukua utafiti wa wagonjwa 120 wanaopimwa mara tatu kila mmoja: 360. Ongeza asilimia 10 ya vipimo vitakavyorudiwa: 36. Kama udhibiti wa ubora unafanywa kwa viwango viwili kila wiki kwa miezi 18, hiyo ni wiki 78, yaani 156. Jumla ni 552, zaidi ya nusu tena ya ile 360 iliyoandikwa kwenye pendekezo. Kisha angalia tarehe za kuisha muda. Usikubali kuletewa shehena yote kwa mkupuo mmoja. Iandikwe kwenye mkataba kwamba zitakuja kwa awamu, zikiwa na muda wa kutosha mbele yake, na kwamba zitasafirishwa kwenye ubaridi unaotakiwa. Vitendanishi vingi hutunzwa kwa nyuzi joto 2 hadi 8, na kisanduku kilichokaa siku tatu forodhani mwezi Januari hakiokolewi na friji yoyote baadaye.

Damu inavyotolewa huamua zaidi ya mashine

Chupa iwe ya sitrati ya asilimia 3.2, sehemu moja ya sitrati kwa tisa za damu, ijazwe mpaka kwenye alama. Chupa pungufu ina sitrati ya ziada, nayo hula kalsiamu uliyoongeza. Matokeo ni R au CT ndefu ambayo haina uhusiano na mgonjwa. Kama unachota kwenye mrija wa mshipa uliosafishwa kwa heparini (dawa ya kuzuia kuganda), mwaga damu ya kwanza, na andika kwenye itifaki ni mililita ngapi. Usichote mkono ambao dripu inaingia. Mpira wa kufungia mkono ukae muda mfupi iwezekanavyo, na sindano isiwe nyembamba mno.

Muda wa kupumzisha damu kabla ya kupima nao uwe mmoja kwa wagonjwa wote. Damu ya sitrati hubadilika kadiri inavyokaa, hasa R na CT, kwa hiyo sampuli ya dakika 10 na ya saa mbili si kitu kimoja. Chagua dirisha, mfano dakika 15 hadi 60, andika saa ya kutoa na saa ya kuanza kupima, na sampuli iliyovuka dirisha itolewe kwenye uchambuzi mkuu. Kama hospitali ina mirija ya hewa ya kurushia sampuli, fanya ulinganisho mdogo kwanza au zipelekwe kwa mkono. Mtikisiko huamsha chembe sahani.

Jambo linalofuata linabadilisha muundo wa utafiti mzima: damu hii haigandishwi kwa barafu ikapimwa baadaye. Kwa PT, fibrinojeni au D-daima (mabaki ya donge lililoyeyuka) unaweza kutunza plazma kwenye nyuzi joto 70 chini ya sifuri na kupima zote siku moja, hata kuzisafirisha mji mwingine. Kwa TEG au ROTEM, mashine lazima iwe mgonjwa alipo, saa alipo, na mtu wa kuiendesha awepo. Kama wagonjwa wako wa ajali huingia zaidi usiku na fundi wako anatoka saa kumi jioni, utapata sampuli za mchana tu, na hao si wagonjwa walewale.

Hematokriti, mtego wa huku kwetu

Kwenye mashine hizi, damu yenye chembe nyekundu chache, yaani hematokriti ndogo, hutoa donge linaloonekana lenye nguvu zaidi. Sababu ni kwamba ujazo uleule wa kikombe sasa una plazma nyingi zaidi, hivyo fibrinojeni nyingi zaidi, na chembe nyekundu chache za kulegeza mtandao wake. Mgonjwa mwenye himoglobini ya 5 kwa sababu ya malaria, selimundu au kutokwa na damu kwa muda mrefu anaweza kutoa MCF kubwa, nawe ukaandika kwamba damu yake "inaganda kupita kiasi" ilhali unachokiona ni upungufu wa damu. Mahali ambapo upungufu wa damu ni jambo la kila siku wodini, hili haliwezi kuachwa kwenye aya ya mwisho ya mapungufu. Pima hematokriti kwenye sampuli ileile, iingize kwenye modeli tangu mwanzo, na chagua kundi la kulinganisha lenye hematokriti inayokaribiana. Fibrinojeni ya Clauss, kwa kuwa inapimwa kwenye plazma, haina tatizo hili. Ndiyo maana inafaa kuwepo pembeni hata kama hutaitumia kuongoza matibabu.

Vilevile usikope viwango vya kawaida kutoka kijitabuni bila kuvipima. Kwa ROTEM vinavyotajwa sana ni CT ya EXTEM (njia inayoanzishwa na kichochezi cha tishu) sekunde 38 hadi 79, MCF ya EXTEM milimita 50 hadi 72 na MCF ya FIBTEM (njia ya fibrinojeni, inaelezwa hapa chini) milimita 9 hadi 25, na vilitokana na watu wazima wenye afya wa Ulaya. Tenga bajeti ya kupima watu wenye afya wa eneo lako, na wajawazito wapimwe peke yao.

FIBTEM dhidi ya CFF

Wengi wanaotafiti kuvuja damu hununua mashine kwa ajili ya njia hii moja, ile inayozima chembe sahani ili ibaki nguvu ya fibrinojeni. Kwenye ROTEM ni FIBTEM, na inatumia saitokalasini D, inayovunja mifupa ya ndani ya chembe sahani. Kwenye TEG 6s ni CFF, inayotumia absiksimabu, kizuizi cha kipokezi cha nje tu. Chembe sahani hazizimiki kwa ukamilifu uleule, na CFF husoma juu zaidi. Ukichukua kizingiti cha FIBTEM cha jaribio fulani ukakipeleka kwenye CFF, utawanyima fibrinojeni wagonjwa wanaoihitaji.

Kuna kosa la hesabu pia. Watu hutoa MCF ya FIBTEM kwenye MCF ya EXTEM na kuita tofauti hiyo mchango wa chembe sahani. Milimita hazisimami kwa usawa na ugumu wa donge. Fomula ni 100 × MCF ÷ (100 − MCF). Donge la milimita 50 lina ugumu wa 100, la milimita 60 lina 150. Milimita 10 hizo zina thamani ya 50. Lakini kutoka milimita 10 kwenda 20 ugumu unapanda kutoka 11 hadi 25 tu. Kwa hiyo EXTEM ya 60 na FIBTEM ya 15 hutoa 150 na 17.6, mchango wa chembe sahani ukiwa 132. Kando ya kitanda, kutoa milimita kunatosha kama kizingiti kimejaribiwa hivyo. Kwenye uchambuzi wa utafiti, badilisha kwanza kisha utoe. Quantra imejiondolea usumbufu huu kwa kutoa ugumu moja kwa moja: CS kwa donge zima, FCS kwa fibrinojeni, PCS kwa chembe sahani.

Kuyeyuka kwa donge

Kama swali lako ni asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia donge kuyeyuka, tahadhari. LY30 na ML huona kuyeyuka kukubwa tu. Katika utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2013 wenye majeruhi 303, asilimia 5 tu walionyesha kuyeyuka kukali kwenye ROTEM, ilhali asilimia 57 walikuwa na viashiria vya plazmini (kimeng'enya kinachoyeyusha donge) vilivyopanda bila mashine kuona kitu. Kumchagulia mgonjwa traneksamiki kwa kungoja ML ipande ni kuchelewa, na jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010 lilionyesha kuwa dawa hiyo inaokoa ikitolewa mapema. Kwa utafiti wa namna hii, ongeza D-daima kwenye plazma iliyogandishwa, au fikiria ClotPro, ambayo ina kipimo chenye tPA (kiyeyusha donge) ndani yake kinachoonyesha damu inavyokinza kuyeyushwa. Kwenye ROTEM, kushuka kwa mstari kusikuharakishe: kunaweza kuwa ni donge linalojikunyata kwa kazi ya chembe sahani. Endesha APTEM (EXTEM yenye dawa ya kuzuia kuyeyuka) sambamba. Ikiwa nayo inashuka vilevile, si kuyeyuka. Kwa Quantra, hakikisha ni katriji ya QStat, kwa kuwa QPlus haipimi kuyeyuka kabisa.

Na kuna vitu ambavyo hakuna mojawapo ya hizi inayoviona vizuri: aspirini, klopidogreli, ugonjwa wa von Willebrand, warfarini ya kiasi kidogo, na baridi ya mwili, maana kila sampuli inapashwa hadi nyuzi 37. Kwa dawa za kuzuia chembe sahani utahitaji kipimo mahsusi, na kwa TEG 6s katriji hiyo inataka chupa ya heparini, si ya sitrati; chupa zikibadilishwa, matokeo hayatumiki.

Kundi la wagonjwa nalo huchagua

*Upasuaji wa moyo.* Hapa ndipo ushahidi ulipo mzito zaidi. Jaribio la Ontario lililochapishwa mwaka 2016, hospitali 12 na wagonjwa 7,402, lilianzisha ROTEM pamoja na kipimo cha chembe sahani hospitali moja baada ya nyingine. Kuongezewa chembe nyekundu kulipungua, na kuvuja damu kukubwa pia. NICE, taasisi ya Uingereza ya miongozo ya tiba, ilikuwa imeshakubali ROTEM na TEG kwa upasuaji wa moyo mwaka 2014, huku ikisema ushahidi wa ajali na wa uzazi hautoshi. Chagua mashine yenye jozi ya heparini, yaani njia mbili, moja bila kizuia-heparini na moja yenye nacho: INTEM na HEPTEM kwenye ROTEM, au CK na CKH kwenye TEG. R ya CK ikiwa ndefu na ya CKH ikiwa ya kawaida, heparini bado ipo, na protamini (dawa inayofuta heparini) ndiyo swali, si plazma. EXTEM na FIBTEM zina kizuia-heparini ndani yake, kwa hiyo zinasomeka hata mgonjwa akiwa bado kwenye mashine ya moyo na mapafu, mradi dozi ya heparini isizidi uwezo wa kizuizi hicho.

*Ajali.* Majaribio mawili yasomwe pamoja. La Denver la mwaka 2016, kituo kimoja, wagonjwa 111: vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 19.6 kwa walioongozwa na TEG na 36.4 kwa walioongozwa na vipimo vya kawaida. ITACTIC ya Ulaya, wagonjwa 396, haikuona tofauti: waliokuwa hai bila kuongezewa damu kwa wingi baada ya saa 24 walikuwa asilimia 67 na 64. Katika ITACTIC makundi yote mawili yalianza na mpango uleule mzuri wa damu ya dharura, na sehemu kubwa ya wagonjwa hawakuwa na hitilafu ya kuganda walipoingizwa. Somo kwa anayepanga ni kuchuja: mwingize mgonjwa anayevuja damu na ambaye uwezekano wa hitilafu ni mkubwa, la sivyo kipimo hakina cha kurekebisha. Vizingiti vya ROTEM vya ITACTIC ni mahali pazuri pa kuanzia kwa kuwa vinatumia A5 (nguvu ya donge dakika 5 baada ya CT), namba unayoipata dakika sita au saba baada ya kuanza: A5 ya FIBTEM chini ya 10 mm, apewe fibrinojeni; tofauti ya A5 za EXTEM na FIBTEM chini ya 30 mm, apewe chembe sahani; A5 ya EXTEM 40 mm au zaidi lakini CT juu ya sekunde 80, apewe plazma. Na kabla ya lolote, jiulize kama stoo ya damu ina bidhaa hizo. Hospitali yenye damu nzima na plazma pekee haiwezi kufanya jaribio la kuongoza fibrinojeni kwa FIBTEM; inaweza kufanya utafiti mzuri wa kueleza.

*Kutokwa damu baada ya kujifungua.* Mjamzito aliyekaribia kujifungua ana fibrinojeni ya gramu 4 hadi 6 kwa lita, hivyo "kawaida" ya mtu asiye mjamzito kwake ni upungufu. Jaribio la OBS2 la mwaka 2017 liliwagawa wanawake 55 wenye A5 ya FIBTEM ya 15 mm au chini, nusu fibrinojeni, nusu dawa bandia. Hakukuwa na faida, na ilionekana kwamba aliye juu ya 12 mm hahitaji kuongezewa. Kwa hiyo jaribio jipya lishike kizingiti cha chini zaidi, jambo linalomaanisha kupima wanawake wengi ili kumpata mmoja. Hapa kasi ndiyo kila kitu. FIBTEM au CFF inashinda Clauss kwa dakika, na Clauss inashinda kwa bei.

*Ini.* Kwa mgonjwa wa sirosisi, INR (PT iliyosawazishwa ili maabara zilinganishwe) inapotosha. Protini za kugandisha zimepungua, lakini na zile za kuzuia kuganda, kama protini C, zimepungua nazo, na PT haizioni. Katika jaribio la Italia la mwaka 2016 lenye wagonjwa 60 kabla ya kuchomwa au kukatwa, wote wa kundi la kawaida walipewa bidhaa za damu. Wa TEG walikuwa asilimia 16.7. Vizingiti vyake vilikuwa R zaidi ya dakika 40 na MA chini ya 30 mm, kwa TEG isiyo na kichochezi. Ukivichukua kwa kipimo cha kaolini (kichochezi cha kuganda) havina maana, kwa sababu kaolini peke yake hufupisha R mara kadhaa.

*Kuumwa na nyoka.* Kwa Echis wa kaskazini mwa Kenya au boomslang, sumu hula fibrinojeni hadi kuisha, na hapo mashine inathibitisha kile ambacho chupa imeshasema. Mililita 2 za damu ya mshipa kwenye chupa ya glasi mpya, safi na kavu, iachwe dakika 20 bila kuguswa, kisha iinamishwe mara moja. Ikimwagika kama maji, haigandi. Isiwe ya plastiki, wala ya glasi iliyooshwa kwa sabuni, kwa kuwa uso wa glasi ndio unaoanzisha kuganda na mabaki ya sabuni huuzima. Udhaifu wake ni kwamba mgonjwa aliyepungukiwa kiasi tu anaweza kupita kama mzima. Kama utafiti wako unafuatilia damu inavyorudi kuganda baada ya dawa ya sumu, rudia chupa kila saa sita, na kila mara tenga chupa ya sitrati, zungusha, gandisha plazma na upime Clauss zote kwa siku moja mwishoni. TEG au ROTEM iongezwe tu ikiwa kituo tayari kinayo na kinaitumia kila siku kwa wagonjwa wengine.